Mama wa watoto watatu anataka uuguzi: asomee kwenye simu au aende chuoni?

SWALI: Assalaam alaykum sista. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Barani, Malindi. Mkubwa ana miaka 8, wa pili 5, na mdogo ana miezi 11, bado ananyonya. Kidato cha nne nilipata C, Biolojia C+, Kiswahili B, Kemia C-. Sasa nauza katika kemisti hapa mjini. Nimetamani uuguzi tangu nilipojifungua mtoto wa kwanza. Binti ya khalati yangu yuko Ohio, Marekani, anasoma uuguzi mtandaoni na watoto wake wako naye nyumbani. Hapa kuna bwana amenitumia tangazo la diploma ya uuguzi ya miezi tisa, yote kwa simu, malipo kidogo kidogo. Mume wangu ni mvuvi, anasema heri hiyo kuliko kwenda Kilifi. Mavyaa yuko tayari kunishikia watoto, lakini hataki nilale nje. Nichague ipi?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Nianze na lililo la haraka, maana pesa ikishatoka mkononi kuirudisha ni kazi: usimtumie huyo bwana hata shilingi. Kwa mtu ambaye bado si muuguzi, hapa Kenya hakuna diploma ya uuguzi inayosomwa yote kwa simu ikamfikisha kwenye leseni. Miezi tisa haitoshi, na simu peke yake haitoshi hata ingekuwa miaka tisa.

Lakini swali lako halijaisha hapo. Umeuliza simu au chuo, nami naona mzani wako uko kwingine. Somo la darasani, likiwa nyumbani au chuoni, silo litakalokutoa jasho wewe mama wa watoto watatu. Litakalokutoa jasho ni wodi: umepangiwa hospitali gani, unaingia saa ngapi, na usiku wa zamu watoto wanalala na nani. Chuo kichague kwa kuangalia hayo kwanza, kisha ndipo uulize mengine.

Kwanza tuelewe kwa nini njia ya simu imefungwa. Kazi hii inasimamiwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, chini ya Sura ya 257 ya Sheria za Kenya. Baraza ndilo linaloidhinisha chuo kufundisha uuguzi. Mwanafunzi akipokelewa katika chuo kilichoidhinishwa, anaandikishwa huko kwenye Baraza na kupewa namba ya indeksi. Akimaliza masomo ya darasani na ya wodini, chuo kinamthibitisha, ndipo anaruhusiwa kukalia mtihani wa Baraza. Akifaulu, jina lake linaingia katika rejista na anapewa leseni. Kila hatua inategemea iliyotangulia. Asiye na indeksi hana mtihani, asiye na mtihani hana rejista, na anayefanya kazi ya uuguzi bila kuwa katika rejista anavunja sheria, hata kama cheti chake kimewekwa fremu ya dhahabu ukutani.

Matangazo ya aina hiyo uliyotumiwa yamejaa kwenye simu za watu. Ukiyasoma polepole hadi herufi ndogo za chini, mara nyingi utakuta kinachofundishwa ni kumhudumia mgonjwa nyumbani: kumwosha, kumlisha, kumgeuza kitandani, kumsaidia kutembea. Hiyo ni kazi ya halali na ya heshima, na kuna mabinti wa Pwani wanaoifanya Ghuba na kulea familia zao. Lakini haikufanyi muuguzi, na aliyeitangaza kwa jina la diploma ya uuguzi amekudanganya tangu mstari wa kwanza. Ukitaka kumpima, muulize mambo matatu. Barua ya Baraza inayoidhinisha chuo chako kufundisha uuguzi iko wapi? Wanafunzi wako wanapata indeksi mwezi wa ngapi wa masomo? Mazoezi yanafanyiwa hospitali gani, na anayetia sahihi ni nani? Akikuonyesha kibali cha biashara cha kaunti, au karatasi ya usajili wa chuo cha ufundi, mwambie hizo si idhini ya Baraza. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa iko kwenye tovuti ya Baraza. Ifungue mwenyewe, usikubali kutumiwa picha yake.

Sasa huyo binti khalati wa Ohio. Simwiti mwongo hata kidogo, yawezekana anasema kweli tupu. Ila kuna mawili. Marekani kila jimbo lina bodi yake ya wauguzi, na anayetaka leseni ya muuguzi msajiliwa lazima apite mtihani uitwao NCLEX-RN. Programu nyingi za kule zinazosomwa mtandaoni mwanzo hadi mwisho zimetengenezwa kwa watu ambao tayari ni wauguzi wenye leseni na wanatafuta digrii. Mikono yao ilishafundishwa zamani. Kilichobaki ni nadharia, utafiti na uongozi, na hayo yanasomeka sebuleni mtoto akiwa amelala. La pili, kama hakuwa muuguzi kabla, basi nadharia anaisomea nyumbani lakini kuna siku za juma anavaa sare na kwenda hospitali. Mpigie umuulize tu: ulikuwa na leseni kabla ya kuanza, na siku za hospitali unaenda wapi? Jibu lake litakuonyesha kwamba hata yeye hakuikwepa wodi.

Uingereza ni vivyo hivyo. Open University inafundisha uuguzi kwa masafa tangu siku nyingi, watu wanasomea nyumbani, lakini kipimo cha mafunzo huko kimekuwa saa 4,600, na nusu yake, saa 2,300, ni za kazi na wagonjwa. Mwaka 2014 Marekani walitoa utafiti mkubwa ulioonyesha kwamba hadi nusu ya saa za hospitali zinaweza kufanyiwa kwenye maabara ya mazoezi, kwa midoli ya kufundishia, bila wahitimu kuwa dhaifu. Wauza kozi za simu wanaupenda sana utafiti huo. Wanachoacha kusema ni kwamba maabara yenyewe ina mkufunzi aliyesimama pembeni ya mdoli, anaangalia mkono wako na kukusahihisha, na nusu iliyobaki ni wagonjwa wa kweli.

Hapa kwetu pia tuna historia ya uuguzi wa mtandaoni, na naieleza kwa sababu ndiyo inayochanganya watu wengi. Mwaka 2005 AMREF, shirika la afya la Afrika, pamoja na Baraza la Wauguzi na washirika wengine, walianzisha mafunzo kwa kompyuta ya kuwapandisha wauguzi wa cheti wafike diploma. Wauguzi wa namna hiyo walikuwa zaidi ya 20,000 nchini, na nafasi za darasani zilikuwa chache mno. Ukiwatoa wote wodini uwapeleke chuoni, nani atabaki na wagonjwa? Basi wakasoma wakiwa vituoni mwao, wengine mbali kabisa na miji, na wengi wao walikuwa mama wa watoto kama wewe. Ilifaa, tena ilifaa sana. Lakini tazama ni kina nani: watu waliokuwa wamezalisha, wamechoma sindano, wamekesha na wagonjwa kwa miaka. Ukisikia mtu anasema "fulani alisoma uuguzi mtandaoni na leo ni sista mkubwa", uliza alianza akiwa nani.

Acha nikuonyeshe ninachokisema kwa kazi moja tu, kupapasa tumbo la mja mzito. Kitabu kinaeleza hatua nne, na video nzuri itakuonyesha zote kwa dakika chache. Sasa njoo kliniki. Mama ameshakojoa, ili kibofu kilichojaa kisikudanganye. Amelala chali, magoti ameyakunja kidogo, umemsitiri kwa leso sehemu zisizohitajika. Unasugua viganja vipate joto, kwa kuwa kiganja baridi hulifanya tumbo likaze na usihisi kitu. Unaanza juu kabisa ya tumbo la uzazi: kilichopo ni kipana, laini, ukikisukuma kinakwenda pamoja na mwili mzima. Unashuka mbavuni: upande mmoja umenyooka na ni mgumu, huo ndio mgongo; wa pili una vinundu vinavyokukwepa, ndiyo mikono na miguu. Unafika chini, juu ya mfupa wa kinena, na hapo mwanafunzi mpya husema upesi, "Ni kichwa." Mkufunzi anaweka mkono wake juu ya mkono wa mwanafunzi, anaubonyeza ndani kidogo, anamwambia, "Kitikise. Kinacheza peke yake au kinaburuta mwili?" Kichwa hucheza shingoni kikiguswa. Matako hayachezi hivyo. Mwanafunzi ananyamaza, anajaribu tena, na safari hii uso wake unabadilika, maana amehisi tofauti ambayo hakuna sentensi iliyowahi kumpa.

Akikosea pale kliniki mkufunzi akiwepo, ni somo. Akikosea akiwa peke yake usiku kwenye zahanati ya kijijini, gari la wagonjwa liko mbali na mtoto anakuja kwa matako, ni roho mbili. Ndiyo sababu Baraza halikubali mkono uliofundishwa na skrini, nami nikiwa mwalimu wa wauguzi nalikubali sharti hilo kwa moyo wote. Mwaka 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, nadharia ilihamia mtandaoni na ikaenda. Mazoezi ya wodini yalingoja.

Basi tuje kwenye njia iliyo wazi kwako. Alama zako zinatosha diploma. Sharti lililozoeleka ni wastani wa C, C ya Biolojia, C ya Kiingereza au Kiswahili, na C- katika somo mojawapo kati ya Kemia, Fizikia na Hesabu. Digrii ya moja kwa moja, kama ile ya Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, inataka C+ ya wastani, kwa hiyo hiyo iache kwa sasa. Utaifikia baadaye kwa mlango mwingine, nitakueleza. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba kilichoanza mwaka 1927, kina kampasi Kilifi, Mombasa, Msambweni na Lamu kwa upande wetu wa Pwani. Maombi yanapitia KUCCPS, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, na KCSE, yaani mtihani wa kidato cha nne, ya miaka ya nyuma haikuzuii. Soma tangazo la awamu yenyewe kwa makini, kwa sababu si kila kampasi inachukua wanafunzi wa kila kozi kila awamu, na ukikosea kuchagua kampasi utajikuta umepangiwa kaunti ambayo hujawahi kuikanyaga. Kwa mwanafunzi asiye na watoto hilo ni safari tu. Kwako wewe linaweza kuvunja kila kitu.

Kwa kauli yangu, weka Kilifi mbele. Kutoka Malindi ni kama kilomita 60, barabara ya lami, matatu zinapita Gede na Matsangoni mchana kutwa. Mtu atakuambia ukae Malindi uende na kurudi kila siku. Siku za darasa inawezekana, ingawa utachoka. Siku za wodi sikushauri. Ripoti ya asubuhi inatolewa wakati zamu zinapobadilishana, na aliyechelewa ripoti hajui mgonjwa wa kitanda cha tatu amebadilishiwa dawa usiku. Matatu ikipata pancha Tezo, umekosa ripoti, na msimamizi wa wodi hatakubali sababu hiyo mara ya tatu. Tena ukitoka zamu ya usiku hujalala, saa nzima na zaidi ndani ya matatu kabla hujamwona mtoto ni mateso.

Mabweni ya chuo ni ya wanafunzi, mtoto hana kitanda humo. Kwa hiyo fikiria chumba cha kukodi Kilifi karibu na chuo, wewe na mdogo na mtu wa kumshika, wakubwa wawili wakabaki Barani na bibi yao kwa sababu shule yao iko hapo, nawe urudi kila mapumziko ya juma yasiyo na zamu. Najua kuwagawa watoto ni kitu kinachouma. Lakini nimewaona akina mama wengi waliojaribu kuwahamisha wote watatu kwa mpigo, shule mpya, nyumba mpya, mama mpya asiyelala, na muhula wa kwanza haukuisha. Mwaka wa kwanza una darasa jingi. Ukishaelewa mzunguko wa chuo, unaweza kubadilisha mpango. Na ratiba za wodi zikitoka, omba kwa adabu na mapema kama sehemu ya mazoezi inaweza kufanyiwa hospitali ya Malindi. Wakati mwingine inawezekana, wakati mwingine haiwezekani, lakini asiyeuliza hapangiwi. Jiandae pia kwamba mafunzo ya magonjwa ya akili yanaweza kukutoa Kilifi kabisa ukae Mombasa wiki kadhaa, au hata Nairobi. Ulizia hilo siku ya kwanza ili isije ikakukuta na mtoto mgonjwa na hakuna aliyejua.

Mavyaa hataki ulale nje. Neno hilo usilichukulie kwa ubaya, mwanangu, wala usilipite kimya ukidhani litaisha lenyewe. Katika nyumba zetu mke kulala nje ya nyumba ni jambo zito, na yeye ndiye atakayejibu maswali ya majirani ukiwa haupo. Zamu ya usiku haiepukiki katika uuguzi, si masomoni wala kazini. Ukimficha leo, atagundua mwezi wa tatu, na hapo atakuwa na haki ya kukasirika. Mweleze sasa, mume wako akiwepo. Mwambie zamu ya usiku maana yake nini: unaingia jioni, mko kazini mpaka asubuhi, mmekaa macho pamoja na sista wa zamu na wagonjwa, kisha unarudi. Huja kwa vipindi, si kila siku. Ikiwezekana, umpeleke wodi ya wazazi siku ya kumtazama jamaa aliyejifungua, aone kwa macho yake sista wa usiku anafanya nini.

Na kuna neno ambalo nadhani litamgusa kuliko maelezo yote. Akina mama wa umri wake walijifungua wakiomba Mungu wapate wa kuwasitiri, mtu wa kuwafahamu lugha yao na haya yao. Leo mabinti wa Malindi, wa Mambrui, wa Lamu wakienda leba wanaomba vilevile. Wanakuja kliniki wakiwa wamechelewa kwa sababu wanaogopa nani atawafunua. Muuguzi wa kike aliyelelewa Barani, anayejua kumwita mama mzee kwa heshima yake na anayejua leso iwekwe wapi kabla ya kupima, si anasa kwa mji huu. Anahitajika. Mavyaa akiliona hilo, kuwashika wajukuu kutakuwa ni mchango wake katika jambo analolijua ndani ya mwili wake mwenyewe. Kama bado atakataa kabisa, afadhali ulijue kabla ya kulipa ada, mtafute mtu mwingine: dada yako, shangazi, au binti wa ukoo anayehitaji mahali pa kukaa Kilifi.

Kabla hujatuma maombi, mfanye jaribio la wiki mbili hapo nyumbani. Wewe uishi kana kwamba uko zamu: utoke kabla jua halijachomoza, urudi jioni, na siku tatu za usiku ulale chumba kingine usiitikie kilio chochote. Mume na mavyaa waendeshe nyumba. Ni nani anampeleka wa miaka 5 shule, nani anajua dawa ya homa iko wapi, nani anaamka mtoto akilia saa nane za usiku? Mtayaona mapengo yote kwa bei nafuu.

Mtoto anayenyonya asikutie hofu kubwa. Maombi, majibu na kuripoti vinachukua muda, na siku utakapovaa sare atakuwa ameshavuka mwaka, anakula chakula cha nyumbani. Unaweza kuendelea kumnyonyesha usiku na ukirudi hadi miaka miwili itimie. Mwili huzoea ratiba. Ukitaka kumwachia maziwa yaliyokamuliwa, kumbuka joto la Malindi: yawekwe kwenye friji mara moja, yasikae mezani.

Jingine nitakuambia waziwazi, maana ndiyo kazi yangu. Mafunzo ni kama miaka 3. Mimba katikati ya mafunzo mara nyingi inakurudisha nyuma, wenzako wanasonga nawe unangoja darasa linalofuata. Kaeni wewe na mumeo mzungumze uzazi wa mpango kabla ya chuo kuanza. Kuna kipandikizi cha mkono kinachokinga miaka 3 na kingine miaka 5, na vyote vinamfaa mama anayenyonyesha. Nenda kliniki, uliza, mkaamue pamoja.

Upande wa pesa, mumeo ni mvuvi, na hiyo inataka hesabu yake. Wakati wa kaskazi bahari imetulia na samaki wapo; kusi ikivuma, vyombo vidogo vinalala ufukweni siku nyingi. Wanafunzi wa awamu ya Septemba wanaripoti mwishoni mwa kusi, mfuko wa mvuvi ukiwa mkavu kuliko wakati wowote. Ada ya Septemba ianze kuwekwa Desemba, kwenye chama au akaunti ambayo hamuigusi kwa harusi wala kwa Idi. Usisahau sare, viatu vya wodini, kodi ya chumba na nauli. Hivyo ndivyo vinavyowakwamisha watu, si ada peke yake. Ukishapata nafasi, omba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, kwani wanafunzi wa KMTC nao wanaruhusiwa. Na kusi hiyo hiyo ina heri yake: ndio msimu mumeo yuko nyumbani zaidi, kwa hiyo zamu zako ngumu za katikati ya mwaka zina baba wa kukaa na watoto. Yeye aliyesema heri simu kuliko Kilifi, nadhani anaogopa kubaki peke yake na nyumba. Mwambie huo ndio mpango, tena umeupanga kwa upepo wake.

Simu yako sasa itumie kwa yale inayoyaweza. Rudia Biolojia ya kidato, hasa moyo, mapafu, figo na uzazi. Zoea majina ya Kiingereza ya viungo na magonjwa, maana vitabu na mtihani viko kwa lugha hiyo. Jifunze kuandika kwenye kompyuta. Hapo kemisti ulipo, kila dawa inayopita mkononi mwako isome karatasi yake ya ndani: inatibu nini, nani asiitumie. Usimpe mtu ushauri ambao hujaruhusiwa kuutoa, lakini soma.

Na ule mlango mwingine niliokuahidi: ukishakuwa na diploma na leseni, ukafanya kazi, hapo ndipo masomo ya masafa yanakuwa yako. Vyuo vikuu vinawachukua wauguzi wa diploma kuwapandisha digrii, na vipo vinavyofundisha sehemu kubwa mtandaoni. Wakati huo mdogo wako atakuwa shuleni, nawe utasoma usiku kwenye meza ya jikoni kama binti khalati yako.

Hatua ya wiki hii ni ndogo. Toa nakala ya cheti cha KCSE, cha kuzaliwa na kitambulisho, uviweke pamoja. Ingia tovuti ya Baraza uangalie vyuo vya kaunti ya Kilifi vilivyoidhinishwa, vikiwemo vya binafsi, usitegemee KMTC peke yake. Kisha panda matatu siku moja ya kazi uende Kilifi, uwatafute wanafunzi wa mwaka wa pili ambao ni akina mama. Waulize wanaishi wapi, wanalipa kodi kiasi gani, na zamu za usiku wanaziendaje. Ukipata majibu yao niandikie tena, tuipange ratiba ya nyumba yako kwa wiki moja moja.